Kaseti Yenye Doa Jekundu

Asubuhi ile ya Jumamosi nilikuwa nimekaa stoo ya Baba, kwenye kigoda cha mtu mwingine, nakunja nyaya za mtu mwingine.

Waya wa maiki haukunjwi kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo. Unaukunja kiganjani, mzunguko mmoja kwa juu, mwingine kwa chini. Ukiukunja ovyo unajinyonga ndani kwa ndani, halafu siku moja unakatika katikati ya hotuba ya mgeni rasmi. Alinifundisha Anti Waya. Na kigoda kilikuwa chake.

Kwa wewe uliyekosa sehemu ya wiki iliyopita, nakupa haraka haraka.

Baba anakodisha vyombo: spika, maiki, mikisa ya kuchanganyia sauti, vya sherehe na vya misiba. Anti Waya ni fundi wake, huu mwaka wa kumi na tisa. Si ndugu wa damu, ila nimezaliwa nimemkuta. Jina lilitokana na nywele zake. Anazifunga kwa kipande cha waya wa spika, na ukimletea kibanio anakushukuru halafu anafungia pazia.

Miaka miwili nyuma, nikiwa na kumi na nne, alinivalisha hedfoni stoo akaniambia, "Sikiliza. Usiseme kitu."

Mimi kutosema kitu ndiyo kipaji changu, kwa hiyo tulielewana.

Ilikuwa kaseti ya roki. Nyimbo tisa. Kwenye jalada kuna watu wanne wamesimama ndani ya bwawa la kuogelea lisilo na maji, wamevaa makoti kama wanasubiri mvua ije iwajazie. Tukaiita Bwawa Kavu. Ilipokwisha sikuweza kuinuka. Mimi ambaye mwalimu akiniuliza jina langu natazama viatu, nilihisi kuna mtu kapiga kelele kwa niaba yangu, dakika arobaini na mbili bila kupumzika.

Tangu hapo sijapona. Sitaki kupona.

Baba alinikuta mara moja na zile hedfoni, wakati wa mitihani. Hakufoka. Alisema tu, "Nikikukuta tena unachezea vyombo, unakwenda bweni kwa shangazi yako." Shangazi ni msimamizi wa bweni. Kwake redio ni marufuku, simu inakaa kabatini mpaka likizo, na wasichana wanatembea kwa mstari hata wakienda kunywa maji.

Sasa kosa langu. Kaseti za kazi Baba haziandiki kwa kalamu, maana wino unafutika kwa jasho la mikono. Anazitia doa la rangi ya kucha. Doa jekundu ni muziki wa kuingilia ukumbini. Simu haiamini, anasema ina ujinga wa kuita katikati ya dua. Mimi nikaitia Bwawa Kavu doa jekundu, nijue upande wenye wimbo wa nne, na kila likibanduka nikalipaka upya. Siku moja Mama akaniita ghafla, nikaitupia kwenye boksi la kazi.

Jumamosi iliyofuata, chuo cha wauguzi. Wanafunzi wapya wanaingia ukumbini wameshika mishumaa, watu wametulia, wazazi wengine wanajifuta machozi. Baba akachomeka kaseti yenye doa jekundu.

Gitaa likanguruma. Mishumaa miwili ikadondoka, pazia likashika moto, na Mkuu wa chuo akalizima kwa jagi la maji ya mgeni rasmi.

"Kaseti ya nani hii?" Baba aliuliza.

Nikafungua mdomo.

"Yangu," Anti Waya akasema. Akaichomoa kwenye deki, akaitia mfukoni.

Hapo ndipo tulipoishia. Wengi mmeniandikia: sema ukweli, binti! Mmoja ameandika kwa herufi kubwa tupu. Asanteni. Ila ninyi hamjui kilichofuata. Nilijiandaa kwa adhabu, kikaja kitu kibaya kuliko adhabu.

Baba alianza kunisifu.

Anti Waya aliambiwa akae nyumbani kwanza. Jumatatu Baba alikuwa stoo peke yake anapambana na spika inayovuma. Akaniita nimshikie tochi. Nikashika tochi. Spika ikavuma. Nikajikuta nasema, "Waya wa tatu, Baba. Umeachia kwenye ncha."

Akageuka. "Umejuaje?"

"Nimesikia."

Akauchomoa wa tatu. Mvumo ukakata.

"Nani kakufundisha?"

Hapo palikuwa pa kusema. Jina la mtu mmoja tu, basi.

"Hakuna," nikasema. "Najua tu."

Jioni mezani aliweka kijiko chini. Baba yangu haweki kijiko chini kwa ajili ya mtu. Akamwambia Mama, "Kumbe tuna fundi humu ndani na hatujui!"

Nilitabasamu. Ndiyo, nilitabasamu, mnichukie tu. Miaka kumi na sita nasubiri kijiko kile kiwekwe chini.

Basi ndiyo nikawa pale kwenye kigoda, nakunja nyaya, kwa ruhusa. Saa sita kulikuwa na mahafali ya chuo kilekile cha wauguzi. Mkuu wa chuo alikubali kutupa nafasi nyingine kwa sharti moja: apate barua ya kuomba radhi, imesainiwa na aliyekosa, kabla vyombo havijaingia ukumbini.

Mama akaingia kwanza. Mkononi ana kichupa kitupu.

"Nani kamaliza rangi yangu ya kucha?"

Nikaendelea kukunja waya. "Si Baba anatia kwenye kaseti."

"Baba yako anatia doa. Hapa mtu kapaka ukuta." Akaniangalia kucha. Zilikuwa safi. Akaniangalia uso. "Mbona umekonda wiki hii?"

"Shule, Mama."

"Shule gani inayokondesha masikio?"

Sikujua amemaanisha nini, na sikuuliza. Akaenda na kichupa chake.

Baba akaingia na karatasi mbili na kalamu, amevaa shati la mahafali, vifungo vyote.

"Mwanangu, wewe una mwandiko. Niandikie barua ya fundi. Akija anatia saini tu, tunaondoka."

"Barua ya Anti?"

"Kwani kuna fundi mwingine aliyekosa?"

Nikakaa vizuri kwenye kigoda. Nikaweka karatasi juu ya kifuniko cha spika. Hivi mnaelewa? Nilikuwa naandika ungamo la kosa langu, kwa mkono wangu, kwa jina la mtu mwingine.

Baba akawa anatembea, anaamuru. "Andika. Kwako Mkuu wa chuo. Mimi, fundi mitambo, nakiri kwamba kwa uzembe wangu mwenyewe..."

"Wangu mwenyewe," nikaandika.

"...nilichanganya kaseti ya kazi na kaseti yangu binafsi, yenye muziki wa... wa..." Akasimama. "Ule muziki tuuiteje?"

"Roki."

"Roki ni jina. Nataka sifa yake. Mkuu anataka asikie uchungu humu."

"Kelele," nikasema kwa sauti ndogo.

"Kelele hata watoto wanapiga. Tafuta neno, wewe ndiye msomi!"

Alikuwa ananitazama kwa macho yale mapya, macho ya kijiko kuwekwa chini. Nikataka aendelee kunitazama hivyo.

"Takataka," nikasema.

Akapiga makofi mara moja. "Hapo! Takataka isiyo na maana yoyote. Andika hivyohivyo."

Nikaandika. Herufi nane. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Anti Waya alifika saa nne. Amevaa gauni la kutokea, nywele kazifunga kwa waya mpya, mweusi na mwekundu. Alikuwa amejiandaa kurudi kazini. Alikuja hata na bisibisi zake kwenye mkoba.

"Shikamoo, Anti."

"Marahaba, Masikio. Unanikunjia nyaya zangu?"

Masikio ndiyo jina langu kwake. Nikainuka haraka kwenye kigoda. Hakukaa.

"Bosi," akamwambia Baba, "iko wapi hukumu yangu?"

"Usiite hukumu. Karatasi tu. Saini, tupakie vyombo, yaishe."

"Yaishe." Akacheka. "Umevaa shati la harusi yako leo."

"Linanibana."

"Lilikuwa linakubana siku ileile."

Nikaona Baba anataka kucheka. Ndivyo walivyo wale wawili, wanataniana kuanzia asubuhi mpaka jioni. Wiki nzima stoo ilikuwa kimya, nikagundua kwamba na Baba alikuwa amekonda.

Anti Waya akavaa miwani. Akasoma huku midomo inacheza. Nakiri, sawa. Uzembe wangu mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali. Akashika kalamu. Halafu kalamu ikasimama hewani.

"Hapa pamekaa vibaya."

"Wapi?"

"Takataka isiyo na maana yoyote."

"Neno tu hilo," Baba akasema.

"Basi kama ni neno tu, lifute."

"Mkuu atalipenda."

"Mkuu hajaisikiliza hata dakika moja, alikuwa anazima pazia." Akavua miwani. "Bosi, sikiliza. Uzembe, nasaini. Aibu niliyokutia, nasaini mara mbili. Ukitaka niandike kwamba mimi ni kipofu sioni doa, lete karatasi. Hili hapana."

"Kwa ajili ya kaseti? Wewe na umri wako?"

"Na umri wangu, ndiyo." Akaketi sasa, kwenye kigoda chake. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nimetumwa maziwa. Nikapita kwenye kibanda cha fundi redio, wimbo wa nne unapiga. Nikasimama. Nilisimama mpaka maziwa yakachacha kwenye ndoo. Nyumbani walinichapa, kesho yake nikarudi. Fundi akaniambia hapa si ukumbi wa starehe, ukitaka kusikiliza shika chuma cha kulehemu. Nikashika. Ndiyo ufundi wangu huo, Bosi. Wewe uliponikuta najua kila waya, ulidhani nilisomea wapi?"

Baba akafungua kifungo cha shingo.

"Watu wananiuliza, bado unasikiliza yaleyale? Bado. Nimeolewa nayo, nimeachika nayo, nimemzika mama nayo. Kila mwaka nasikia kitu ambacho sikukisikia mwaka jana. Sasa nije nisaini kwamba ni takataka? Nitajitazama vipi kwenye kioo?"

"Miaka kumi na tisa," Baba akasema, "unaniacha kwa neno moja?"

"Wewe ndiye unayeniacha kwa neno moja. Lifute, nipo."

Kalamu ilikuwa juu ya spika. Baba aliitazama. Nadhani, naapa nadhani, alikuwa anataka kuichukua. Lakini Anti Waya akaichukua tena ile barua, akaisogeza karibu na macho bila miwani.

"Nani kaandika?"

"Mimi nimemwagiza," Baba akasema.

"Sijauliza nani kaagiza."

Haikuhitaji jibu. Mwandiko wangu anaujua. Mimi ndiye niliyemwandikia majina ya zile nyimbo tisa kwenye karatasi, kwa herufi zilezile za mviringo, na ameibandika kwenye mlango wa friji yake.

Akaniangalia. Sikuona hasira. Aliniangalia kama mtu anayejaribu plagi, anasikiliza kama umeme upo.

Ni wakati ule, wasomaji wangu. Sentensi moja tu. Nikatazama viatu.

"Haya," akasema. Akafungua mkoba, akatoa ufunguo wa stoo, akauweka juu ya barua. "Masikio, ile amplifaya kubwa usiiwashe kabla ya mikisa. Inapiga teke, itaua spika."

Akatoka. Baba akabaki amesimama na shati lake linalombana.

"Mkaidi," akasema kwa ukuta. "Mkaidi, mkaidi, mkaidi."

Nikasema moyoni, sasa. Baba yuko peke yake, sasa ndiyo sasa. Nikavuta pumzi mpaka mbavu zikaniuma. "Baba..."

Honi ikapiga nje.

Mkuu wa chuo. Mwenyewe, amekuja kuchukua barua kabla ya mahafali, joho liko begani. Ni mama mrefu mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Gari lake lilikuwa limetoa honi na kuzimika palepale getini, likagoma kabisa.

"Barua yangu?"

Baba akaeleza. Akaeleza vibaya, kwa mikono mingi. Fundi amekuja, fundi amesoma, fundi amekataa kusaini, fundi ameondoka.

"Amekataa kuomba radhi?"

"Amekataa... ndiyo. Kwa hiyo hayupo tena kazini. Huyu hapa ni fundi mpya." Akanishika bega. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Binti yangu. Ana masikio, Mkuu, hujapata kuona."

Mkuu akanipima kuanzia utosi mpaka kandambili. Akaichukua barua, akaisoma yote kwa mkupuo mmoja.

"Barua ni nzuri," akasema. "Hasa hapa pa takataka. Nani katunga?"

"Yeye huyuhuyu!" Baba akasema kwa fahari.

"Basi tusihangaike na saini. Binti ataisoma yeye, leo, kwenye maiki, kabla hatujaanza. Wazazi mia sita watakaokuwepo wasikie. Kwa niaba ya kazi yenu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mimi? Darasani tuko arobaini na sitoi sauti.

"Na mwisho muongeze," Mkuu akasema, "kwamba aliyehusika mmemfukuza kabisa. Likishasemwa mbele ya watu sitaki kesho nimwone tena kwenye ukumbi wangu amebeba spika. Tumeelewana?"

Baba akaitazama ile barua. "Tumeelewana."

"Binti?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa changu mwenyewe! Sijui nani alikituma.

Baba akaongeza ule mstari kwa mkono wake, chini ya mwandiko wangu. Ikawa barua ya watu wawili. Akaikunja mara nne, akanitilia kwenye mfuko wa sketi.

"Usiogope," akaninong'oneza. "Unasoma tu. Leo watu watajua wewe ni nani."

Hiyo ndiyo shida, Baba, nikasema moyoni. Hiyo ndiyo shida hasa.

Gari la Mkuu lilikataa kuwaka, kwa hiyo akapanda la kwetu, la mizigo, lenye bodi la bati lililofungwa nyuma. Baba alipangusa kiti cha mbele kwa leso yake mara tatu. Kiti cha mbele kikiwa na mtu, fundi anakaa nyuma na vyombo, na hiyo ni kawaida yetu ya siku zote. Rafu ya nyuma ilivunjika mwaka juzi, kwa hiyo mikisa inasafiri imepakatwa. Fundi anakaa juu ya kreti, miguu ameibana kati ya spika mbili, mikisa mapajani kama mtoto mgonjwa. Anti Waya amesafiri hivyo miaka yote miwili na hajawahi kulalamika, isipokuwa kwenye matuta.

Mama alikuja kunipa chupa ya maji. Akaninong'oneza mlangoni, "Unataka kuniambia kitu?"

"Hapana."

"Haya." Hakuondoka. "Nilikuwa nakusikia, unajua. Ukifua unauimba ule wimbo. Si wa kanisa wala wa shule."

Kabla sijajibu Baba akafunga mlango. Komeo liko nje. Nikalisikia linateremka: kwa!

Giza, ila tundu moja ambapo bati limeoza. Harufu ya vumbi lililopata moto. Nyuma ya kiti cha Baba kuna ubao mwembamba tu, kwa hiyo nilikuwa nasikia kila neno kama niko nao.

"Una bahati na mtoto," Mkuu alikuwa anasema. "Wa kwangu wote wana midomo."

"Huyu hata akiwa na njaa hasemi," Baba akajibu. "Nilikuwa nadhani ana tatizo. Kumbe anasikiliza!" Akacheka, cheko la furaha kabisa. "Nitamrithisha kila kitu, Mkuu. Kila waya."

Tuta. Mikisa ikaruka, nikaikumbatia. Ile barua mfukoni ikanichoma paja kwa pembe yake.

Nikahesabu. Mpaka chuoni ni dakika ishirini na tano. Tukifika, mlango utafunguliwa, watu watakuwepo, vyombo vitashushwa, maiki itawekwa mkononi mwangu. Nitasema kwa sauti yangu, kwenye spika zetu, kwamba kitu kilichonipa sauti ni takataka. Nikishamaliza, Anti Waya harudi tena. Si Baba wala Mkuu atakayemfukuza. Ni mimi.

Na nisiposoma, basi bweni. Shangazi. Mstari wa kwenda kunywa maji. Na yale macho ya Baba yatazimika, yakizimika hayatawaka tena.

Nikajaribu kugonga ubao. Ngumi yangu ilifika karibu na ubao, ikasimama hapo. Ningegonga, Baba angeuliza nini, na Mkuu angekuwa pale pembeni na ile sauti yake ya wodi, na mimi ningesema, hakuna kitu, Baba. Najijua.

Nikatoa simu.

Kwa kuandika mimi si bubu. Ninyi mnalijua hilo, ndiyo maana mnanisoma.

Niliandika: *Baba samahani.* Nikafuta. Niliandika: *Baba kuna jambo tuzungumze tukifika.* Nikafuta, maana tukifika nisingezungumza. Tuta lingine. Kidole kikaandika herufi zisizo na maana. Nikafuta. Kijasho chembamba kilikuwa kinanitiririka mpaka kwenye kope.

Halafu nikaandika bila kusimama:

*Baba, ile kaseti niliiweka mimi kwenye boksi. Doa jekundu nililitia mimi. Anti alisema yangu ili usinipeleke bweni. Kuhusu nyaya na kusikiliza, yeye ndiye aliyenifundisha, nilikudanganya. Sitasoma ile barua. Ule muziki si takataka, ndio kitu ninachokipenda kuliko vyote na nitaupenda hata nikiwa mzee kama Anti. Ukitaka nipeleke kwa Shangazi. Ila mrudishe Anti.*

Nikaisoma mara moja. Nikatuma.

Simu ya Baba inalia kama kengele ya baiskeli. Niliisikia mbele, ng'ring ng'ring, kupitia ubao.

"Simu yako," Mkuu akasema.

"Iache tu."

"Imeandika 'Fundi Wangu'."

Fundi Wangu. Alinibadilisha jina kwenye simu, lini sijui. Wiki iliyopita nilikuwa *Binti*, nilijiona kwa macho yangu.

"Aa, huyo!" Baba akasema, bado anacheka. "Yuko hapo nyuma. Labda mikisa imelegea, anaona haya kugonga. Ndiyo nilivyokwambia, Mkuu, hasemi. Nisaidie, mikono yangu iko kwenye usukani. Hebu nisomee."

Nikapiga kelele. Nilidhani nimepiga kelele. Kilichotoka ni pumzi tu.

"Nisome?" Mkuu akauliza.

"Soma, soma. Kwa sauti."

Nikasikia anakohoa kusafisha koo. "*Baba,*" akaanza, kwa ile sauti yake ya kuamsha wodi, "*ile kaseti niliiweka mimi...*"

Alisoma mpaka mwisho. Hakuruka hata neno. Kwenye *si takataka* alisita kidogo, halafu akaendelea. Kwenye *mrudishe Anti* sauti ilikuwa imeshuka kabisa, nikaifuata kwa shida.



Gari likaenda. Likaenda. Likapunguza mwendo, likakata kona ambayo si ya chuoni, najua kona zote za njia ile kwa tumbo langu. Magurudumu yakatoka kwenye lami, yakakanyaga mawe. Likasimama. Injini ikazimwa.

Nikasubiri mlango. Nikasubiri komeo. Nikasubiri anifokee kupitia ubao, hata hilo ningelipokea.

Kwenye simu yangu zile alama mbili za ujumbe kusomwa zilikuwa zimeshageuka bluu. Nikaandika tena, neno moja tu: *Baba?*

Mbele, kengele ya baiskeli ikalia.

Ikanyamaza. Wiki hii naishia hapo.